Maji ya Nakuru Hayana Kosa

Nekesa mama,

Tumsifu Yesu Kristu. Jibu utaliandikia huko huko utakapoisomea barua hii, maana naiweka ndani ya mfuko wa kamera, chini ya ile lenzi nzito, na nakujua, hutaufungua huo mfuko mpaka ufike na uone kitu cha kupiga picha. Nimepanga hivyo makusudi. Ungeisoma hapa nyumbani, kesho gari la Nairobi lingeondoka na kiti chako kitupu.

Mambo ya sweta na pasipoti na kutafuta kanisa, shangazi yako amekuambia yote, tena akarudia, kwa hivyo mimi siyagusi. Nina jambo moja tu. Ni juu ya ile programu yako na ile sentensi uliyoandika kuhusu maji ya Nakuru. Sentensi hiyo si kweli, na anayejua si kweli ni mimi. Ningekuambia kwa mdomo, lakini nikikuambia kwa nini si kweli naogopa utaacha safari. Na nisipokuambia utasimama mbele ya walimu wako huko Ujerumani ukiwasomea kitu cha uongo nilichokupa mimi. Nimezunguka na hii maneno wiki nzima kama mtu aliyepoteza ufunguo. Sasa wacha niiandike, lakini nianze mbali kidogo, ndiyo uelewe.

Unajua kazi hii ya picha niliifundishwa Molo na Mzee Njoroge, aliyekuwa na studio nyuma ya soko la viazi. Shule ilikuwa imeniishia kidato cha pili. Yeye naye alifundishwa na bradha mmoja wa misheni, na huyo bradha alikuwa hasafishi filamu kwa saa, anasafisha kwa rozari. Ukishamimina dawa kwa lile tanki dogo la filamu unaanza kusali. Matendo mawili, yaani Salamu Maria kumi kumi, yanaisha, la tatu likifika katikati unamwaga dawa. Kila Salamu Maria mbili unageuza tanki. Mzee alikuwa na saa mkononi, lakini alisema saa ni ya kuangalia watu wanaochelewa. Alikuwa anaanza yeye, naitikia mimi, na mikono inaendelea na kazi. Mimi mtoto wa watu wa reli nilidhani ndivyo picha zinavyosafishwa dunia nzima.

Mwezi wa saba mmoja Mzee alisafiri akaniachia filamu ya ubatizo. Unaujua mwezi wa saba wa Molo, maji yanakata vidole. Nilisali bila kuruka neno, tena kwa moyo, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza peke yangu. Filamu ikatoka nyembamba kama moshi. Watoto wote waliobatizwa siku hiyo ungedhani ni mizimu. Mzee aliporudi aliiinua dirishani akaitazama kwa muda mrefu.

"Ulisali vizuri?"

"Nilisali vizuri, Mzee."

"Na dawa ulipasha?"

Kupasha nilikuwa nimesahau.

"Basi Mungu alikusikia," akasema. "Dawa ndiyo haikusikia. Ilikuwa imelala na baridi."

Nilikuwa na aibu hata ya kurudi nyumbani kula. Lakini nakuambia, nimekuja kulikumbuka hilo neno lake mara nyingi nikiwa mtu mzima, hasa katika mambo ya nyumba. Mtu anaweza kufanya kitu kwa moyo wake wote na bado kikaharibika, kwa sababu kuna kitu kidogo karibu naye ambacho hakukigusa kwa mkono ajue kama ni baridi. Mama yako alinifundisha kugusa. Nilichelewa kujifunza.

Kosa lingine nililifanya Kuresoi kwa harusi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilipima mwanga kwa gauni la bibi harusi. Gauni jeupe, jua la saa saba. Picha zilipotoka, gauni lilikuwa zuri ajabu, kila uzi unaonekana, na nyuso za watu zilikuwa nyeusi tupu, macho hayaonekani, mdomo hauonekani. Nikarudi kwa dawa, nikajaribu karatasi hii na ile, nikafanya kila ujanja. Hakuna. Mjomba wa msichana alizipokea, akazipindua moja moja mezani, akaniambia kwa upole kabisa, "Boss, umepiga picha ya gauni. Msichana wetu alikuwa ndani yake lakini hukumwona." Watu walicheka. Mimi mpaka leo sijacheka.

Kwa hivyo siku ile uliponiketisha mbele ya kompyuta ukanionyesha ile mistari yako, mimi niliielewa kuliko ulivyodhani. Ulikuwa umepiga picha ile kadi yenye vipande vya rangi kutoka nyeusi mpaka nyeupe, ukakata filamu vipande, ukaniachia nisafishe kimoja kila wiki pamoja na filamu za wateja. Ukija nyumbani unaviskani, programu inapima kila rangi imetoka nzito kiasi gani, inachora mstari, halafu inaweka mstari wa wiki hii juu ya mstari wa wiki ile. Ukasema, "Baba, angalia. Huku chini kwa weusi ni kazi ya kamera, dawa haibadilishi sana. Huku juu kwa weupe ndiko dawa inacheza." Nikaiona Kuresoi iko chini kushoto, na Molo iko juu kulia. Makosa yangu mawili ya ujana, umeyatenganisha kwa mstari mmoja. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Sikukusifu siku hiyo. Nilipaswa. Nakusifu sasa.

Uliitengeneza hiyo programu kwa ajili yangu, nakumbuka. Ilikuwa baada ya yule kijana wa Nairobi kurudisha filamu yake, akilalamika kwamba weupe umetoka kama unga, hakuna hata kunjo la shati. Halafu wanafunzi wa Njoro nao wakasema hivyo. Wateja wa filamu ni wachache, ni hawa vijana wanaopenda vitu vya zamani, na wakianza kusema Baba Nekesa amezeeka mkono, basi nitabaki na picha za pasipoti tu. Ulikasirika kwa niaba yangu. Ukasema kosa lina mahali linapokaa, na utalipata.

Programu ikasema kweli tangu siku ya kwanza. Chini mistari yote ilikuwa pamoja, kwa hivyo kamera haina shida. Juu ndiko ilikoachana. Kosa liko ndani ya tanki. Ukanunua kipimajoto kipya. Ukachanganya dawa mpya mwenyewe. Ukaniletea saa inayolia muda ukiisha, ile nyekundu, ukaniuliza, "Baba, unaitumia?" Nikajibu, "Iko hapa mezani." Sikusema uongo na sikusema kweli. Ilikuwa mezani. Nilikuwa naiwasha, ikilia naizima, namalizia sala, ndiyo namwaga dawa. Huwezi kukata Salamu Maria katikati kama mtu anayekata simu. Na nilidhani ni kitu kidogo tu, pumzi mbili tatu.

Lakini kilichokusumbua wewe ni kwamba kosa lilikuwa linakuja na kuondoka. Vipande vya siku ulizokuwa nyumbani vilitoka sawa sawa, mstari juu ya mstari. Vya siku ulizokuwa chuoni vilipanda, vingine sana, vingine kidogo. Ukija kulitafuta kosa, halipo. Ukirudi Nairobi, limerudi. Uliegemea kiti ukacheka, ukasema, "Hii dawa inaniogopa. Nikiwa hapa inajifanya mtoto mzuri." Nami nikacheka na wewe. Ulikuwa umelishika mkononi, Nekesa, ukaliachilia, na mimi pia sikuwa nimelijua.

Aliyenijulisha ni Mama Achieng wa cherehani, hapo mlango wa pili. Unamjua mdomo wake. Ilikuwa ile wiki ulipoenda Nairobi mambo ya viza. Nilikuwa nimemaliza filamu, nikatoka kuota jua kidogo, naye akaniuliza bila kuinua kichwa kwa kitambaa:

"Baba Nekesa, humo ndani huwa unaongea na nani?"

Nikamwambia nasali rozari, anajua.

"Mimi Msabato, rozari siijui. Lakini wewe unasema, halafu unanyamaza. Unasema, unanyamaza. Kama mtu amepiga simu na yule mwingine haongei. Ndiyo nikauliza."

Nilirudi ndani nikakaa kwa kile kistuli.

Kwa sababu wewe umezaliwa ukiikuta hiyo sala yetu ya studio, nadhani hujawahi kuisikia vile ilivyo. Mimi nikiwa nyuma ya pazia na tanki, mama yako Perpetua akiwa mbele kwa kaunta akikata picha za pasipoti. Mimi nasema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, yeye anaitikia nusu ya pili. Mteja amesimama mbele yake, haidhuru. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, shusha kidevu kidogo mzee, utuombee sisi wakosefu." Wateja walizoea. Wengine waliitikia naye. Ndivyo tulivyosafisha filamu miaka yote hiyo, na zilitoka vizuri, maana yeye alikuwa haniachi nijikokote. Nikichelewa alikuwa anaanza nusu yake kabla sijamaliza yangu.

Tangu tumzike mwaka juzi nimekuwa nikisema nusu yangu na kungoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Nakuapia sikujua kama nangoja. Mdomo wangu unamaliza sehemu yake na kunyamaza, kama mguu unavyojua ngazi ya nyumba ya zamani. Baadaye nashtuka, naitikia mwenyewe, naendelea. Na dawa haishtuki. Dawa inaendelea kula filamu muda wote huo.

Na ukiwa nyumbani wewe ndiye umekaa pale kwa kaunta na kompyuta yako. Mimi nikisema nusu yangu, wewe unaitikia. Huwa huinui hata macho. Vidole vinaandika, mdomo unaitikia, jinsi mama yako alivyofanya. Ndiyo maana kosa hulioni. Umeenda kupima maji na joto na dawa na kamera, na kitu kilichokuwa kinarekebisha filamu zangu kilikuwa sauti yako, na kila ulipokuja kupima ulikuja nayo.

Sasa ona nilivyofanya. Uliporudi na viza ulikuta vipande vimepanda tena, ukasema hutaki kusafiri hivyo. Ulisimama pale mlangoni ukasema, "Siwezi kuenda kuwaambia watu nimetengeneza programu ya kupata kosa, na la babangu mwenyewe silipati." Ukataka kuwaandikia wakungojee mpaka muhula mwingine. Niliogopa, mama. Niliona waziwazi kwamba ukikaa utalipata, na ukilipata hutaondoka tena. Utaniambia ni kwa muda mfupi. Utakaa pale kwa kaunta ukiniitikia mpaka nywele zako ziwe kama zangu, na sote wawili tutaita hiyo upendo.

Kwa hivyo ulipoenda tena Nairobi kuchukua tikiti, nilifanya mambo mawili pamoja. Nilisafisha vipande kwa saa nyekundu, nikafunga mdomo. Na nikatumia maji ya mvua ya lile tangi la nyuma. Uliporudi vipande vilikuwa vimenyooka. Ukaniuliza nimebadilisha nini. Nikasema maji. La saa sikulitaja. Na wewe ulifurahi vile ulivyofurahi, kwa sababu nani hawezi kuamini ubaya wa maji yetu, yaliyotupaka meno rangi mji mzima? Ukaandika hapo hapo kwamba kosa ni la maji ya Nakuru. Ukanisomea. Nikasema, "Ni hivyo." Halafu nikashindwa kumaliza chai.

Hayo maji yana makosa yake, lakini hili si lake. Hiyo sentensi uifute kabla hujamsomea mtu yeyote. Andika kwamba aliyesafisha filamu alikuwa hafuati saa, na kwamba programu ilionyesha hivyo toka mwanzo. Hiyo ni kweli na inatosha. Sababu iliyomfanya asifuate saa ni yetu wewe na mimi, walimu hawaihitaji.

Nimejiuliza sana kama nina haki ya kukushauri baada ya kukudanganya, na naona sina, lakini wewe ni mtoto wangu na mdomo wa mzazi haufungwi na haki. Hili moja tu. Huko unakoenda utafanya kazi na watu wenye mitambo mizuri kuliko yetu. Kitu kikikataa kukaa kwa mstari, pima mtambo, pima dawa, pima kila unachoweza. Halafu mwangalie na yule anayefanya kazi. Usimwangalie kama umemshika na hatia. Muulize tu nyumbani kwake kukoje. Mimi ungeniuliza hivyo ningelia, lakini ningekuambia.

Na usinipigie simu saa ya kusafisha filamu ili uniitikie. Nakujua, wazo hilo limeshakujia hapo ulipo. Hapana. Wewe una kazi yako, na sauti yako si kifaa cha studio. Nipigie Jumapili tupige stori, uniambie kama huko mkate wao unaliwa.

Leo mchana ulipokuwa Molo kumuaga shangazi nilikuwa na filamu ya mteja, mama mmoja amewapiga picha watoto wake wote kabla kakake hajawachukua likizo. Niliweka saa mbele yangu. Sikusema neno. Ilikuwa kama kula ugali bila mboga, lakini nilikula. Ilipolia nilimwaga dawa pale pale, nikamaliza, nikaitundika ikauke. Imetoka vizuri, sweta nyeupe ya yule mdogo unaona kila tundu la kufumwa.

Halafu nikakaa kwa kistuli nikasali rozari nzima toka mwanzo. Tanki lilikuwa tupu, limeoshwa. Nilisema nusu yangu na kungoja, kila mara, nikangoja kadiri nilivyotaka. Hakuna filamu ya mtu iliyoharibika. Mama Achieng alisikia bila shaka. Alizima cherehani.

Jumapili uliniuliza kama nitakuwa sawa, nikasema nitakuwa sawa. Hiyo nayo haikuwa kweli yote, na kwa kuwa leo nasahihisha, wacha niisahihishe. Nitakuwa mpweke, Nekesa. Jioni hasa, na wakati wa kupika, kwa sababu bado sijajua kupika chakula cha mtu mmoja. Lakini upweke si kosa la mahali fulani ambalo ukirudi utalipata na kuliondoa. Mama yako ameenda na wewe unaenda, na mambo hayo mawili si sawa. Yeye nililazimika kumwacha aende. Wewe nakuacha kwa kupenda, na hiyo ni mara ya kwanza maishani mwangu kuachilia kitu bila kunyang'anywa. Usininyime hiyo.

Mungu atangulie mbele yako, na Mama Maria akufunike mahali ambapo sweta za shangazi hazitafika. Kesho nitakusindikiza mpaka stendi, nitasimama mpaka gari likate kona, na nitatabasamu, ujue tu kwamba nilikuwa nimeshaandika haya yote. Nikitoka hapo naenda kufungua studio. Kuna mzee amesema atakuja mapema kupigwa picha ya pasipoti, na sitaki akute mlango umefungwa.

Baba yako,
Boniface